Gari la Familia Ambalo Mtaa Unalijua

Familia ya Mwananyamala, Dar es Salaam, inayojikusanya kununua gari la kwanza huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza gari kutoka Japani, ambako limeshatumika miaka kumi, kumi na tano au zaidi, na kulipokea bandarini Dar es Salaam. Ya pili ni kununua gari lenye namba za Tanzania tayari, kutoka yadi, kwa dalali au kwa mwenye gari mwenyewe. Yote mawili ni magari ya mtumba. Kinachotofautiana ni nani aliyelitumia, kwenye barabara za namna gani, na ni gharama zipi zimekwisha kulipwa na mtu mwingine.

Magari ya Japani yametawala soko hili kwa sababu zinazoeleweka. Tanzania huendesha upande wa kushoto kama Japani, hivyo usukani uko kulia tangu kiwandani. Huko Japani gari binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken, mara ya kwanza likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao ni ghali, na gari likianza kuzeeka wenyewe huona heri kuliuza kuliko kulikagua tena. Ndiyo maana gari zima, lenye viti visivyochanika na injini isiyo na kelele, huishia mnadani kwa bei ambayo mnunuzi wa Kinondoni huiona kama ya kuokota.

Bei hiyo ya kuokota hukoma bandarini. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari dogo la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake pamoja na bima na usafiri wa meli. Juu yake huja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hakuna kwa injini isiyozidi cc 1000, asilimia 5 hadi cc 2000, na asilimia 10 kwa iliyozidi hapo. Kisha kuna ushuru wa uchakavu, ambao ndio wengi huusahau wanapopiga hesabu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililopita miaka 10. Mwisho hufuata VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo yote, na tozo ndogondogo kama ile ya maendeleo ya reli.

Mfano utaonyesha uzito wa hesabu hiyo. Gari la cc 1500 lenye umri wa miaka zaidi ya 10, likithaminiwa Sh milioni 6 linapofika bandarini, litadaiwa ushuru wa forodha Sh milioni 1.5, ushuru wa bidhaa na wa uchakavu Sh milioni 2.625, na VAT ya Sh milioni 1.8225. Jumla ni karibu Sh milioni 5.95, yaani kodi peke yake inakaribia thamani ya gari. Gari la ukubwa huohuo lenye miaka 7, likithaminiwa Sh milioni 10, litadaiwa karibu Sh milioni 5.5. Gari changa zaidi na la thamani zaidi linalipa kodi ndogo kuliko gari zee. Ikumbukwe pia kwamba Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, haitazami risiti ya mnunuzi peke yake. Ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kwenye tovuti humwezesha mtu yeyote kuona kodi ya gari kabla hajatuma hata senti moja Japani. Anayeagiza bila kukifungua kikokotoo hicho anajitakia mwenyewe.

Nchi jirani zimechagua njia nyingine. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia kabisa, na Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, ilipandisha kodi tu. Matokeo yake ni kwamba magari yaliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo Kenya yasingeshuka melini, yamejaa Dar es Salaam, na ndiyo hayohayo ambayo familia ya kipato cha kawaida huyamudu.

Kwa hiyo wengi hurudi kwenye njia ya pili: gari ambalo mtu mwingine alishalilipia kodi. Hapa kuna mazoea ambayo yanapaswa kutazamwa kwa jicho kali. Dar es Salaam gari hupimwa umri kwa herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye namba yake. Watu husema namba C, namba D au namba E, na bei hupanda kwa herufi hata kama magari yenyewe ni yaleyale. Herufi hiyo inaeleza ni lini gari lilisajiliwa nchini, basi. Toyota IST ya 2004 inaweza kuwa na namba D kwa sababu iliingia ikiwa imekwisha kuzeeka, na nyingine ya mwaka uleule ikawa na namba B kwa sababu ililetwa mapema. Ya namba B imekula mashimo ya Dar miaka mingi zaidi, na hilo lina maana yake. Lakini ikiwa ilitunzwa na mtu mmoja, inaweza kuwa na afya kuliko ya namba D iliyokodishwa kwa madereva wa zamu. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya gari, na ndio wa kuanzia.

Kabla ya kuchagua gari moja, mnunuzi huchagua aina, na hapo ndipo fedha nyingi huokolewa au hupotea. Gari la kutegemewa kwa familia yenye bajeti ndogo ni lile ambalo mtaa unalijua: fundi wa gereji ya jirani ameshalifungua mara mia, spea zake zinapatikana Kariakoo, Gerezani na Ilala siku hiyohiyo, mpya ya kichina na mtumba ya Japani zikiwa duka kwa duka, na siku likigoma mtu hahitaji kuagiza kifaa Dubai na kusubiri wiki tatu huku watoto wakipanda bodaboda kwenda shule. Sifa za kiwandani huja baada ya hilo. Gari zuri sana ambalo fundi mmoja tu mjini analiweza si gari la familia yenye bajeti.

Kwa kipimo hicho, la kuangaliwa kwanza ni injini, kabla hata ya umbo la gari. Toyota ilitengeneza injini ya cc 1500 iitwayo 1NZ-FE na kuitia kwenye magari mengi ajabu: IST, Vitz, Raum, Spacio, Sienta, Probox, Ractis, Runx, Premio na Allion za cc 1500, na mengine. Ndugu yake mdogo, 2NZ-FE ya cc 1300, yumo kwenye IST na Probox ndogo. Injini hizi hutumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, hivyo hakuna mkanda wa kukatika njiani Chalinze na kuua vali. Zinavumilia mafuta ya ubora wa kawaida, na kwa kuwa zimo kwenye magari mengi, pampu, plagi, koili na sensa zake ni bidhaa za kila siku madukani. Anayenunua Raum ananunua pia, bila kujua, ghala la spea za IST zote za Dar es Salaam.

Kinyume chake ni injini za D4. Jina hilo lina sifa mbaya kwa mafundi wa mjini, na sifa hiyo ina msingi. Injini ya kawaida hunyunyiza petroli kabla ya vali, na petroli hiyo huiosha vali kila inapopita. D4 hunyunyiza ndani ya chemba yenyewe kwa shinikizo kubwa, hivyo vali haziogeshwi na masizi hujikusanya. Pampu yake ya shinikizo na nozeli zake hazivumilii petroli yenye uchafu au maji. Gari huanza kutetemeka likiwa limesimama, hukosa nguvu, kisha huzimika kwenye foleni. Noah na Voxy za 2001 hadi 2007 zina D4 ya cc 2000, na ndivyo zilivyo Premio na Wish za cc 2000 za kipindi hicho. Familia kubwa inayotamani Noah hufanya vema kutafuta ile ya zamani ya kabla ya 2001 yenye injini ya 3S isiyo ya D4, au ile iliyotoka baada ya 2007, kila moja kwa bei yake. Ni moja ya mahali pachache ambapo gari zee hulishinda gari jipya zaidi.

Familia ya watu wanne au watano inatoshwa na IST, Raum au Spacio. IST ndiyo rahisi kuuza tena, na kwa sababu hiyohiyo huuzwa ghali kuliko inavyostahili. Buti lake ni dogo, na mkungu wa ndizi ukishaingia begi halina pa kukaa. Raum hupuuzwa kwa sababu ya sura yake, jambo ambalo humfaidi mnunuzi mwenye akili: ndani ni pana, mlango wa nyuma huteleza, na toleo la pili, lililoanza 2003, halina nguzo katikati ya milango ya upande wa kushoto, kwa hiyo bibi mwenye magoti mabovu huingia bila shida. Kwa watu sita au saba kuna Sienta, Spacio ya viti vya safu tatu na Wish ya cc 1800. Hiyo Wish ina injini ya 1ZZ ambayo, hasa katika matoleo ya miaka ya mwanzo, ilijulikana kwa kula oili. Si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kuchomoa dipstiki. Passo na Vitz za cc 1000 hazinywi mafuta, lakini injini ndogo hiyo ikibebeshwa watu watano na mizigo kwenda Moshi mwezi Desemba hulalamika njia nzima. Probox, ambayo wengi huiona ni gari la kusambazia mikate, ina mgongo imara kuliko yote haya. Viti vya nyuma havina starehe, lakini haichoki.

Nje ya Toyota hali si mbaya kama inavyosimuliwa vijiweni, ila huhitaji uangalifu zaidi. Nissan na Mazda ndogo huuzwa kwa bei nzuri kwa sababu watu huziogopa, na hofu hiyo hurudi siku ya kuuza. Subaru Forester ni gari la raha lenye injini ambayo mafundi wa mtaani wengi hawapendi kuifungua. Magari ya Ulaya ya bei ya kutupa yana sababu ya kuuzwa bei ya kutupa.

Gia nayo isisahauliwe. Magari mengi yaliyotajwa hutumia gia otomatiki ya kawaida ya hatua nne, lakini Sienta nyingi na magari mengi ya baada ya 2005 yana CVT, inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za meno. CVT huokoa mafuta na hudumu vizuri ikitiwa oili yake maalumu. Ikitiwa oili ya gia ya kawaida na fundi asiyejali, hufa, na kubadilisha gia boksi hula akiba ya mwaka mzima. Swali la kumuuliza muuzaji ni oili gani ilitiwa mara ya mwisho na nani aliyeitia. Asiyejua jibu amejibu.

Likishapatikana gari la kutazamwa, historia yake ndiyo yenye kazi zaidi. Dar es Salaam ina njia zake za kulichosha gari. Tangu Uber ilipoingia mjini mwaka 2016 na wenzake kufuata, IST, Passo na Vitz nyingi zimekuwa teksi za mtandaoni, zikitembea mchana na usiku. Gari la namna hiyo hujulikana kwa mambo madogo: kiti cha nyuma kimelala kuliko cha mbele cha abiria, vishikio vya milango ya nyuma vimelegea, kuna alama ya kibanio cha simu kwenye dashibodi, na usukani umeng'aa. Namba nyeupe za biashara zilizobadilishwa kuwa za njano pia ni habari ya kuulizia.

Kuna maji. Mto Ng'ombe hupita Tandale na Mwananyamala kabla ya kumwaga maji yake Msimbazi, na mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 hadi Aprili 2024 zilizamisha magari mengi kwenye mabonde ya jiji. Gari lililozama huoshwa, hupigwa manukato na kuuzwa mbali na mtaa wake. Lakini matope hubaki chini ya kapeti, kwenye reli za viti na ndani ya kibweta cha tairi la akiba. Boliti za viti huwa na kutu, na taa huwa na ukungu usiokauka. Matatizo ya umeme huja miezi kadhaa baadaye, moja moja, na fundi umeme hulipwa kwa kila moja.

Kuna pia spesa. Kwa kuwa barabara za ndani za Mwananyamala Kisiwani au Tandale hukwangua matumbo ya magari mafupi, wengi huinua IST zao kwa kutia spesa juu ya shokapu. Ikifanywa kwa kiasi husaidia. Ikizidi, shafti za mbele hukaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, na viungo vyake hulia kak-kak gari likikata kona. Mlio huo husikika vizuri zaidi kwenye kona ya taratibu, usukani ukiwa umekatwa wote, redio ikiwa imezimwa. Wauzaji wengi hupenda kuiwasha redio.

Ukaguzi hufanywa na fundi wa mnunuzi, analipwa na mnunuzi, na hapokei chochote kutoka kwa muuzaji wala dalali. Fundi anayeletwa na dalali ni mtu wa dalali. Gari litazamwe asubuhi likiwa la baridi, kwa sababu injini iliyotangulia kupashwa moto huficha mengi. Boneti iguswe kwanza; ikiwa ya moto, miadi iahirishwe. Linapowashwa, moshi wa bluu unaodumu ni oili inayoungua, moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na moshi mweupe mzito usiokwisha, hasa wenye harufu tamu, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mfuniko wa oili ukifunguliwa na kukutwa na utando wa rangi ya maziwa, maji na oili vimekutana, na huenda gasketi ya silinda hedi inadai.

Kipozeo kinastahili muda wake peke yake, maana joto la Dar ndilo linaloua injini nyingi. Rejeta ifunguliwe ikiwa ya baridi. Maji ya kahawia yenye kutu yanaonyesha kwamba gari lilikuwa likitiwa maji ya bomba badala ya kulanti, tabia ya kawaida mno mjini. Mafundi wengi pia huwa na mazoea ya kung'oa thamostati gari likianza kuchemsha, wakiamini wametibu. Kumbe wameondoa dalili tu, na injini hubaki ikifanya kazi nje ya joto lake. Gari liachwe likinguruma na kiyoyozi kimewashwa kwa dakika ishirini, feni ikisikilizwa inavyokata na kuwaka, na mshale wa joto utazamwe. Foleni ya makutano ya Morocco, Kinondoni, saa kumi na moja jioni ingefanya kipimo bora zaidi, ikiwa muuzaji atakubali.

Barabarani, gia ihamishwe kutoka D hadi R gari likiwa limesimama. Mshtuko mkubwa au kuchelewa ni dalili mbaya. Mwananyamala ni tambarare, hivyo gari lipelekwe kwenye kilima cha Chuo Kikuu au mteremko wa Kimara lionekane linavyopanda na kama gia inateleza. Usukani ukiachiwa kwenye lami iliyonyooka usivute upande mmoja. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake ufunguo unapofunguliwa na izimike injini ikiwaka. Ikiwa haiwaki kabisa, kuna mtu aliyeing'oa balbu yake. Kupima kwa mashine ya kompyuta ni kwa bei nafuu siku hizi, na hata gari lisilo na taa ya hitilafu huweza kutunza kumbukumbu za makosa yake.

Ajali hujificha kwenye rangi lakini si kwenye vioo. Vioo vyote vya gari lisiloguswa hubeba alama ya kiwanda kimoja. Kioo chenye alama tofauti kiliwekwa badala ya kilichovunjika. Mikanda ya viti huwa na lebo chini yenye tarehe, na ikiwa ni ya miaka baada ya gari, ilikatika au ilibadilishwa kwa sababu. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za zamani kuliko safari ya meli ni gharama ya siku ya kwanza.

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake, kwa kuwa kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Magari ya Japani, hata hivyo, huacha maandishi. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti mara nyingi hubaki stika za kubadilisha oili, zenye kilomita na tarehe. Miaka ya stika hizo husomwa kwa enzi ya mfalme: mwaka wa Heisei hujumlishwa na 1988, na wa Reiwa na 2018, kwa hiyo Heisei 27 ni 2015. Stika ya Heisei 27 yenye kilomita 140,000 kwenye gari linaloonyesha 90,000 imemaliza mazungumzo. Gari lililoagizwa karibuni pia huweza kuwa na karatasi ya mnada yenye alama kama 4 au 3.5, alama ya R huashiria gari lililowahi kurekebishwa baada ya ajali, na wenye yadi wasiopenda kuionyesha karatasi hiyo wanajua kwa nini.

Jambo moja la usalama halizungumzwi yadini. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, iliyomo kwenye aina nyingi za Toyota, Honda, Nissan na Mazda za miaka ya 2000, iligundulika kwamba kilipuzi chake huharibika kwa kukaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, kisha hupasuka na kurusha vipande vya chuma wakati wa ajali. Magari mengi yaliitwa viwandani na kubadilishiwa, lakini mengine yalikuwa yameshauzwa nje ya Japani. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu. Namba ya chesi, ambayo kwa magari ya Japani huanza na alama ya aina kama NCP60 na kufuatwa na tarakimu, huweza kuingizwa kwenye tovuti za watengenezaji kuona kama gari hilo linadaiwa matengenezo hayo.

Dalali ni sehemu ya soko na hakuna haja ya kumchukia. Hujua gari lipi liko wapi, na huokoa muda. Kasoro ni cha juu, ile fedha anayoiongeza juu ya bei ya mwenye gari bila kuitaja, na ambayo wakati mwingine hushinda kamisheni yenyewe. Dawa ni kukutana na mwenye kadi kabla ya kutaja bei, na kukubaliana na dalali ujira wake waziwazi. Gari ambalo mwenyewe haonekani mpaka fedha zitoke lina jambo.

Karatasi hukaguliwa kwa ukali uleule wa injini. Kadi iwe halisi, jina lake lilingane na kitambulisho cha muuzaji, na namba ya chesi na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe. Kadi inayosemekana imepotea, au iliyoko kwa mtu fulani, mara nyingi iko mikononi mwa benki au kwa wakopeshaji wa kausha damu, na gari la mkopo likiuzwa mkopeshaji huja kulichukua kwa mnunuzi. Ikiwa mwenye kadi amefariki, mjane au mtoto hana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Mauzo ya haraka kabla ya hapo yamewatia wengi kesini. Faini za trafiki huonekana kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na ada za maegesho nazo hufuata namba. Zilipwe kabla ya mkono kushikwa.

Mkataba wa mauziano uandikwe na kushuhudiwa na wakili, fedha zipite benki, na umiliki uhamishwe TRA mara moja, kukiwa na namba za mlipakodi za pande zote mbili, ada ya uhamisho na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei. Wanaotembelea kadi ya jina la mtu mwingine kwa miaka huja kushtuka siku ya ajali, bima inapowauliza wao ni nani kwa gari hilo.

Bei ya kununua nayo isimalize mfuko. Moja ya kumi ya fedha yote, au zaidi kidogo, inafaa ibaki kwa ajili ya mwezi wa kwanza: oili ya injini na ya gia, kulanti mpya, plagi, breki pedi, bushi, na pengine betri na tairi mbili. Bima ndogo ya gari binafsi imekuwa Sh 100,000 kabla ya VAT kwa mwaka, na huwafidia wengine tu. Bima kubwa huzunguka asilimia 3.5 ya thamani ya gari, hivyo kwa gari la Sh milioni 10 ni kama Sh 350,000 kabla ya kodi. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo sasa hulipwa kwa lita. Bei yenyewe ya mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Familia ambayo baba au mama huenda kazini Kariakoo kwa mwendokasi kutoka Morocco, na gari kutumika kwa shule, hospitali na wikiendi, hutumia mafuta kidogo sana, na kwake tofauti kati ya cc 1000 na cc 1500 si kubwa kiasi cha kuacha gari lenye nafasi.

Kwa wanaosafiri kila siku umbali mrefu, kubadilisha gari litumie gesi asilia kunapunguza gharama, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Mtungi hukaa kwenye buti. Kwenye IST, buti hilo huwa limekwisha. Kwenye Spacio au Probox hubaki nafasi ya begi la shule na gunia la mchele. Vituo vya kujaza bado ni vichache na vina foleni, na vimejikusanya zaidi Dar es Salaam, kwa hiyo tangi la petroli na mfumo wake hubaki palepale kwa safari ya mkoani. Kazi ya kubadilisha ifanywe baada ya injini kuthibitishwa nzima, kwa sababu mfumo wa gesi hutumia plagi, koili na vali zilezile, na injini iliyokuwa ikikohoa kwa petroli itakohoa kwa gesi pia.